Nani Alipiga Deki? Kumsoma Marley Nikiwa na Watoto Wawili na Mbwa Mmoja

Nilikuwa nacheka peke yangu sebuleni, saa nne usiku, watoto wamelala. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, kitambaa mkononi. "Kuna nini, baba watoto?" Nikamsimulia. Kuna mbwa mmoja huko Marekani, mkubwa, mnene, anaogopa radi kupita kiasi. Radi ikipiga na wenyewe hawapo, anaparura milango na kuta za jipsamu za mahali alipofungiwa mpaka makucha yanatoka damu. Wenyewe wakirudi wanakuta vumbi, mate, damu, vipande vya ukuta, yaani kama kimepita kimbunga ndani ya nyumba. Nikaanza kucheka upya. Yeye hakucheka. Akauliza swali moja tu: "Na nani alipiga deki?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu na sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia nitaangalia. Haya unayosoma ni matokeo ya kwenda kuangalia.

Kitabu chenyewe ni *Marley & Me* cha John Grogan, kilichotoka mwaka 2005. Wengi wetu tunaijua filamu yake ya mwaka 2008, ile ya Owen Wilson na Jennifer Aniston, ambayo watu huitazama wakijifanya wana mafua. Kabla ya filamu kulikuwa na kitabu, na kabla ya kitabu kulikuwa na safu ya gazeti. Grogan alikuwa mwandishi wa safu wa *The Philadelphia Inquirer*. Mbwa wake akafa mwishoni mwa mwaka 2003, na Januari 2004 akamwandikia safu ya kumuaga. Mamia ya wasomaji wakamjibu, kila mmoja akidai kuwa mbwa wake ndiye alikuwa mtukutu zaidi. Hapo mwandishi akajua ana kitabu. Kikauzwa mamilioni ya nakala, kikazaa mpaka vitabu vya picha vya watoto.

Kisa ni chepesi. John na Jenny ni wanandoa wapya, wanaishi West Palm Beach, Florida, miaka ya mwanzo ya tisini. Jenny amepewa ua la kwenye chungu, kalimwagilia maji mno mpaka limekufa. Anaingiwa na hofu: kama ua limenishinda, mtoto nitamlea vipi? Basi wanaamua kuanza na mbwa, kama mazoezi. Wananunua kitoto cha Labrador cha rangi ya manjano, kilichouzwa kwa bei ya chini kuliko ndugu zake. Wanamwita Marley, kwa heshima ya Bob Marley. Msomaji anayejua bei za sokoni tayari ameshaelewa: kitu kikishushwa bei kuna sababu.

Kuanzia hapo ni vituko. Marley anafukuzwa darasa la kufundishwa adabu. Anaburuta meza ya mgahawa barabarani. Anameza kila kinachoingia mdomoni, ukiwemo mkufu wa dhahabu ambao Grogan amemnunulia Jenny. Kisa cha mkufu ndicho ninachokipenda kuliko vyote vya kuchekesha, na nimekisimulia kwetu mara nyingi sana. Ili mkufu utoke, Grogan anamlisha mbwa maembe. Maembe mengi. Kisha anasubiri, na kila mzigo ukitoka anauosha kwa mpira wa maji wa bustanini, akichungulia kama mchimba dhahabu. Mwishowe mkufu unapatikana, unang'aa kuliko ulivyoingia. Binti yangu mwenye miaka sita alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mdogo wake, ambaye ana miaka miwili na hakuelewa neno, alicheka kwa sababu dada anacheka. Kwa wiki nzima walimfuata mbwa wetu uani wakiwa na kokwa za embe.

Mbwa wetu anaitwa Simba, kama mbwa wengi wa nchi hii wasio na cha usimba. Ni koko. Aliletwa kwa kazi moja, ulinzi, na getini tuliandika MBWA MKALI kabla hata hajafika. Watoto ndio waliomwingiza ndani, hatua moja moja: kwanza barazani wakati wa mvua, halafu mlangoni, halafu chini ya meza wakati wa kula. Siku hizi anajua saa ya uji kuliko mimi. Kwa hiyo simsomi Grogan kama mgeni kabisa. Namsoma kama mtu aliyeanza safari hiyo hiyo nyuma yake, na bila kupanga.

Kuna sehemu ambayo msomaji wa kwetu ataguna. Kitabu kinachukulia kwamba mbwa kulala pembeni ya kitanda na kulamba uso wa mtoto ni jambo la kawaida kama jua kuchomoza. Msomaji aliyelelewa Pwani, aliyefundishwa kuwa mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, atazipita kurasa hizo kwa shida. Hata wengine wetu tusiofuata hukumu hiyo tumekua tukijua kuwa mahali pa mbwa ni nje. Mwanzoni niliona umbali huu ni kikwazo. Sasa naona unatusaidia. Kwa msomaji ambaye mbwa ndani ni desturi, uchafu wa mbwa ni sehemu ya mandhari. Sisi tunaouona kama jambo la kuchagua, tunauliza haraka: nani alichagua, na nani anafuta? Swali la mke wangu halikuwa la kuharibu utani. Lilitoka kwa mtu anayejua kuwa utelezi wa sakafu una mwenyewe.

Basi nikarudi ukurasa wa kwanza, safari hii nikitafuta deki.

Nilichokikuta si kwamba Grogan ni mvivu. Anaosha, anaziba, anarekebisha. Mkufu aliutafuta mwenyewe kwa mikono yake. Lakini angalia vizuri: anaposafisha yeye, kunakuwa na tukio lenye mwanzo, hamaki na mwisho. Usafi wa kila siku, ule wa manyoya kwenye nguo za mtoto, mate kwenye kochi, bakuli la maji lililopinduliwa kwa mara ya nne tangu asubuhi, huo kwenye simulizi unapita kama upepo. Na katika saa hizo za kila siku, mwandishi yuko kazini. Aliyeko nyumbani ni Jenny.

Hapa kuna jambo ambalo nililipita usomaji wa kwanza. Jenny naye ni mwandishi wa habari. Walipoanza maisha walikuwa wawili, kila mmoja na gazeti lake. Watoto wakaja, na ni yeye aliyepunguza kazi, kisha akaacha. Nyumba hiyo ilikuwa na kalamu mbili, na kitabu tunachokisoma kimeandikwa na ile iliyoendelea kutoka asubuhi na kurudi jioni. Simlaumu Grogan kwa kuandika. Kila mtu huandika kutoka alipokaa. Ila alipokaa panaeleza kwa nini kitabu kinachekesha hivi. Mbwa aliyeharibu chumba ni kichekesho kwa anayekuja kukuta. Kwa aliyekuwemo ndani siku nzima, na mtoto mgongoni, ni kitu kingine.

Na ushahidi umo ndani ya kitabu chenyewe, katika sura mbili ambazo kwangu ndizo zinazokifanya kistahili kusomwa.

Ya kwanza ni ya mimba iliyoharibika. Kabla ya Patrick, mtoto wao wa kwanza, Jenny alipata ujauzito ukatoka ukiwa bado mchanga. Wanarudi kutoka kwa daktari, Jenny amejikaza. Wakiwa nyumbani anamkumbatia Marley shingoni, na kilio kinatoka. Na yule mbwa ambaye hajawahi kutulia hata dakika moja, anatulia. Mkia umelegea, anasimama tu.

Nilimsimulia binti yangu kisa hiki kwa Kiswahili, nikificha sababu. Nikasema, mama alikuwa na huzuni kubwa. Akamkumbatia, akalia, akatulia kabisa. Akanikatiza: "Nani ametulia, mama au mbwa?" Swali zuri, aisee. Lugha yetu haimtengi mbwa na mtu kwenye kitenzi. Mama analia, mtoto analia, mbwa analia, wote wamevaa a- ile ile. Ilibidi nirudi ukurasani kuhakikisha. Aliyetulia ni mbwa. Na hapo ndipo nilipoona kilichofanya ukurasa ule uwe na nguvu. Kwa mara moja Grogan hana utani wa kuweka, hana somo la kutoa. Anatazama tu, na kumwacha mbwa afanye jambo ambalo mume hakujua alifanyeje. Kwa kitambo kile, nyumba nzima imevaa kiambishi kimoja.

Sura ya pili ni ngumu zaidi. Mimba ya Conor, mtoto wa pili, ilikuwa ya matatizo. Jenny alilazimika kulala kitandani ili mtoto asizaliwe kabla ya wakati. Conor akazaliwa salama, lakini akawa mtoto wa kulia, wa kulia saa na saa. Patrick bado mdogo. Na Marley ni Marley. Jenny anaanza kuzama. Grogan analitaja jambo kwa jina lake, sonona ya baada ya kujifungua, na namsifu kwa hilo, maana ni wanaume wachache wanaoandika juu ya siku hizo za wake zao bila kuficha. Kisha siku moja Jenny anamgeukia mbwa kwa kelele na kipigo, na anatoa tamko: huyu aondoke.

Usomaji wa kwanza nilikuwa upande wa Marley. Nakiri. Nilisoma haraka nikiomba asitolewe. Usomaji wa pili nilisimama kwa Jenny, nikaona jambo lililonisumbua. Mume anafanya nini baada ya tamko? Anaomba mwenzake kazini amsaidie kutafuta watu wa kumchukua mbwa, huku akiomba moyoni wasipatikane, na anaanza kumfundisha mbwa adabu kwa juhudi ambayo hajawahi kuionyesha. Yaani mke anaumwa, dawa anapewa mbwa. Kwa kiasi fulani inafanya kazi: Marley anaanza kusikia amri, Jenny polepole anarudi kuwa Jenny, na mwishowe ni yeye mwenyewe anayekubali kuwa Marley ni wa nyumbani. Kitabu kinashusha pumzi na kuendelea na vituko. Lakini mimi nilibaki pale. Alichokuwa anakisema Jenny kwa miezi hakikuwa "nimemchoka mbwa." Mbwa ndiye kiumbe pekee mle ndani ambaye angeruhusiwa kusema amemchoka. Mtoto mchanga huwezi kusema aondoke. Mume huwezi, au unaogopa. Anabaki mbwa.

Nafikiri Grogan analijua hili nusu nusu. Angekuwa halijui kabisa, asingeiandika sura hiyo wazi namna ile. Angekuwa analijua lote, asingeimaliza kwa ushindi wa mbwa. Uzuri na upungufu wa kitabu vimekaa mahali pamoja: kina uaminifu wa kutuonyesha ufa, na kina haraka ya kuupaka rangi.

Filamu, cha ajabu, inafanya vizuri kidogo hapa. Si kwa sababu ina akili kuliko kitabu. Kwenye filamu Jenny ana uso. Aniston akisimama mbele yako, nywele timutimu, mtoto analia nyuma yake, huwezi kumpita kwa mwendo wa aya moja. Lakini filamu hiyo hiyo ina kile kipande maarufu ambamo miezi mingi inakimbia kwa dakika chache, siku juu ya siku, kwa sauti ya mume akizitaja kama anaandika safu zake. Kinapendeza, na kinaniumiza. Ndivyo miaka ya watoto wadogo inavyoonekana kwa aliyekuwa akitoka: mkusanyiko wa vipande vizuri. Kwa aliyebaki, siku moja ya mvua na watoto wawili wenye mafua haijawahi kukimbia.

Sehemu nyingine nitazitaja kwa ufupi. Kuna usiku ambao binti wa jirani anachomwa kisu, Grogan anatoka kumsaidia, na Marley anasimama pembeni akitazama gizani kama mlinzi aliyezaliwa. Ni ukurasa pekee ambao msomaji wa kwetu atasema, naam, hapo sasa mbwa amefanya kazi yake. Umeandikwa kwa utulivu unaostahili. Kuhamia Pennsylvania kumenichosha. Vituko vinaanza kujirudia na ungeweza kupunguza kurasa thelathini bila mtu kulalamika. Uzee wa Marley, masikio yaliyoziba, miguu ya nyuma isiyokubali ngazi, umeandikwa vizuri sana. Kifo chake, tumbo lililojipinda na uamuzi wa kumpumzisha, kitakuliza hata kama umejiandaa. Kisha inakuja hotuba: mbwa katufundisha kuishi leo, kupenda bila masharti, kuridhika na fimbo iliyookotwa. Inaweza kuwa kweli. Lakini baada ya kurasa zote zile nilitaka kusikia mbwa kamfundisha nini Jenny, na hilo sikulipata.

Pamoja na hayo yote, nakiona kitabu hiki ni cha thamani, na sababu mojawapo ni wivu. Fikiria fasihi yetu. Tunazo riwaya ambazo nyumba ndiyo uwanja wa vita. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, inaanzia kwenye familia na ukali wa baba mle mle ndani, na hatujaacha kuizungumzia. Lakini katika niliyoyasoma, mtoto huzaliwa, halafu ukurasa unaofuata anaenda shule. Ile miaka mitano ya katikati, ya uji uliomwagika, ya homa ya usiku, ya kiatu kimoja kilichopotea asubuhi ya safari, ya wanandoa wanaoongea kupitia kwa watoto kwa sababu wamesahau kuongea wenyewe, siioni mara kwa mara. Labda tunaona ni mambo madogo. Labda walioyaishi zaidi hawakuwa na nafasi ya kukaa na kalamu. Grogan ameonyesha kwamba mambo hayo yanabeba kitabu kizima. Pia ameonyesha, bila kukusudia, kinachopotea yanapoandikwa na mmoja tu.

Nilimpa mke wangu kitabu. Nilimwonyesha sura ya tamko, nikamwambia asome hiyo tu kama hana muda. Alisoma kwa siku tatu, kidogo kidogo, wakati mdogo akilala mchana. Alipomaliza alikirudisha mezani akasema, "Huyu mama alihitaji mtu wa kumshikia mtoto saa mbili, alale." Nikasubiri aongeze kitu juu ya mtindo, juu ya ucheshi, juu ya mbwa. Hakuongeza. Nilipitia tena sura ile nikijaribu kupata uhakiki bora kuliko huo, nimeshindwa.

Kwa hiyo, kisome. Ucheke, kinachekesha kweli. Ukifika kwenye mkufu na maembe, wasimulie watoto. Ila ukifika kwenye sura ya Jenny, usipite mbio kama nilivyopita mimi. Kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye hucheki naye ukurasa mmoja, mpe kitabu na umshikie mtoto wakati anasoma.

Simba bado yupo. Jana mvua ilinyesha, akaingia na matope mpaka chini ya meza, watoto wakashangilia. Mke wangu alinitazama tu. Niliinuka nikatafuta deki, na nakiri hadharani kwamba ilinichukua muda, kwa sababu sikuwa najua inakaa wapi.